Mizinga Miwili Kwenye Tela

Kanyenye, Tabora
6 Machi 2024

Kaka Erasmus,

Nakuomba, kabla hujafika mstari wa pili, kaa mahali ambapo hakuna mtu wa kusoma begani kwako. Nitakayoyaandika yabaki kati yetu wawili. Usimdokeze mama kwenye simu, wala shemeji, hata kwa utani. Ukimaliza kusoma uichome barua hii, na mimi nitazichoma zako. Simu siiamini, maana yangu inalala sebuleni kwenye chaja na namba yake ya siri kila mtu humu ndani anaijua. Ndiyo sababu nimempa Hilari, yule niliyesoma naye sekondari, ambaye sasa anahudumu kwenye behewa la chakula la treni ya Kigoma. Yeye haulizi maswali.

Shikamoo kaka. Huku hatujambo. Mama goti linamsumbua asubuhi, ila kanisani hakosi. Mvua zimetukubali, na mahindi ya uani yamefika kiunoni. Kazini bado niko masijala, napokea mafaili na kuyatoa, na mkuu wangu bado anakohoa kabla ya kugomba. Shemeji Mwanne hajambo. Angekusalimu, ila hajui kama nakuandikia.

Jambo lenyewe ni tela lenu la kulala safarini, lile lililoegeshwa uani. Jumatatu asubuhi nikitoka kwenda kazini niliona unga unga wa chuma chini ya mnyororo. Nilipoinama nikakuta pete moja ya mnyororo imekatwa kwa msumeno, imebaki nyembamba kama njiti ya kiberiti. Mtu alikuja, akakata, akashtushwa na kitu, akaondoka. Anajua alipofikia. Wiki moja kabla ya hapo, mzee Lugembe wa nyumba ya tatu aliamka hana tela lake la kubebea tumbaku, na lile ni zito mara mbili ya lako. Lako watu wawili wanaliviringisha mpaka barabarani bila hata kutoka jasho.

Nimetoa taarifa kwa mjumbe. Amesema amesikia. Usingizi wangu umepungua, kaka, kwa sababu nakumbuka maneno yako siku unapanda treni. Ulisema kitanda kile, jiko lile la nyuma na pazia lile la dirisha ndiyo maisha yenu wewe na Mwanne, kwamba utatafuta kazi huko mpaka mpate gari la kulivuta, kisha mtawachukua wageni wanaotaka kupita njia ya zamani ya misafara mpaka Ujiji. Ulisema likiibiwa, mmerudi mlikotoka.

Shemeji ameshachukua hatua yake. Amemwita binamu yake kutoka Puge, anaitwa Kornel, mtoto wa mjomba wake. Ndiye anayelala ndani ya tela sasa. Ni mfuga nyuki. Ni mrefu na anacheka sana. Sina la kusema juu yake. Nataka tu kujua kama wewe umeridhia.

Ni mimi mdogo wako,
Deus

*

Ujiji
21 Machi 2024

Deus,

Marahaba. Mimi mzima. Ghala tunalojenga limefika kwenye linta, na joto la huku halina huruma. Mwambie mama goti asilipake mafuta ya taa, kuna dawa nitamtumia.

Umefanya vizuri kuandika. Sasa nisikilize. Nyanyua tela kwa jeki, ling'oe magurudumu yote mawili, liache limekaa juu ya mawe. Magurudumu yaingie ndani, siyo stoo, chumbani kwa mama. Nunua mnyororo mpya. Halafu nenda dukani ununue kufuli kubwa linaloingia kwenye shingo ya tela, pale linapoungwa na gari, ili gari lolote lisiweze kulivuta. Ufunguo wa kufuli hilo nitumie mimi. Asibaki nao mtu yeyote hapo nyumbani. Yeyote. Umenielewa.

Kuhusu huyo mlinzi, sijamkataa. Nauliza tu. Anapolala mlango anaufunga au anauacha wazi? Chakula anapelekewa na nani, na anakula saa ngapi? Muulize mama, polepole, kama alikuja kwenye harusi yetu, maana ndugu zake Mwanne niliwasalimia wote siku ile na jina hilo silikumbuki. Mtu akiwa mrefu hivyo na anacheka hivyo ningemkumbuka.

Nimempa Hilari chupa ya manukato ya Mwanne. Nimeichagua mwenyewe. Mwambie asiiweke sandukuni, ajipake.

Erasmus

*

Tabora
14 Aprili 2024

Kaka yangu,

Shikamoo. Nimechelewa kwa sababu mvua ilikata reli na Hilari alikaa upande wa pili siku nyingi. Mama anashukuru kwa dawa. Goti limepoa, ila sasa analalamikia harufu ya mpira, kwa kuwa magurudumu yako chini ya kitanda chake. Anasema anaota yuko gereji.

Yote uliyoagiza nimefanya. Tela liko juu ya mawe. Kufuli la shingo limeingia kwa shida, nikaligonga kwa nyundo mpaka likakubali. Ufunguo nimeushonea ndani ya kitambaa hiki, kifumue taratibu. Sina nakala, wala shemeji hana. Aliponiuliza uko wapi nilimwambia uko salama.

Kornel hakuja kwenye harusi. Mama anasema wakati ule alikuwa porini na mizinga yake, msimu wa kurina asali. Chakula anapelekewa na shemeji. Mlango anauacha wazi kwa sababu ya joto, na miguu yake inatokeza nje.

Sasa kuna jipya, nalo sijui kama utalipenda. Kornel alisema mnyororo unakatika na kufuli linavunjika, lakini yeye ana askari wasiopokea rushwa. Alikwenda Puge akarudi na mizinga miwili ya magogo. Mmoja ameufunga mbele ya tela, juu ya shingo, na mwingine nyuma juu ya jiko. Ameipaka nta kwa ndani. Mimi nilicheka. Siku ya nne nikarudi kutoka kazini nikakuta mtaa mzima umefunga madirisha, nyuki wanaingia kwenye ule wa mbele kama moshi unaorudi ndani ya jiko. Wa nyuma nao umepata wake. Tangu hapo hakuna paka anayepita karibu na tela, sembuse mwizi. Kornel mwenyewe sasa analala barazani.

Ila hatuwezi kulikaribia na sisi. Niliegemea kidogo tu nitazame mnyororo, nikadungwa jicho na mdomo wa juu. Nilikwenda kazini hivyo hivyo. Mkuu alikohoa, kisha badala ya kugomba akacheka, na masijala nzima ikamfuata.

Anayeweza kuwakaribia ni Kornel na kopo lake la moshi. Na shemeji. Ndiyo, kaka. Anamfundisha kila jioni. Anamfundisha kupuliza moshi, kusimama, kunyamaza. Amemwambia nyuki hawataki haraka, hawataki mtu aliyetoka kugombana, na hawataki harufu ya dukani hata chembe. Kwa hiyo chupa uliyotuma shemeji ameifunga kwa kitambaa na kuiweka juu ya kabati. Hajaitumia hata siku moja. Wanasimama pale wawili katikati ya nyuki, hawasemi, halafu wakitoka kwenye moshi wanacheka pamoja, na mimi nimekaa mbali dirishani na jicho langu.

Zamani saa hiyo ndiyo nilikuwa nakaa kwenye ngazi ya tela nikinywa chai. Siku hizi chai naikuta imepoa.

Nimekuambia niliyoyaona. Sikuongeza kitu.

Deus

*

Ujiji
2 Mei 2024

Deus,

Marahaba. Hapa ni wazima. Ghala linaendelea. Ufunguo nimeupata.

Chupa ile nilizunguka nayo mji mzima wa Kigoma kuitafuta. Muuzaji alininusisha nyingi mpaka pua ikaacha kufanya kazi. Mwanamke haweki juu ya kabati manukato aliyoletewa na mumewe kwa ajili ya wadudu. Wadudu wana mahali pao porini. Nimefikiri sana juu ya hili, hata kazini leo nimepima ukuta mmoja mara mbili na kukosea zote mbili.

Mwambie Kornel aondoke. Mshukuru, mpe nauli, aondoke na mizinga yake. Mnyororo na kufuli vinatosha. Mimi simwonei mtu wivu, hilo uelewe. Ni suala la usalama wa mali. Huwezi kulinda mali kwa kitu ambacho mwenye mali hawezi kukishika.

Halafu jambo moja. Barua yako nimeisoma tena na tena. Nilikuuliza mlango na chakula. Sikukuuliza wanacheka namna gani.

Erasmus

*

Tabora
25 Mei 2024

Kaka Erasmus,

Shikamoo. Mama hajambo, anakuombea. Mahindi tumevuna. Mzee Lugembe ameliona tela lake huko Urambo likiwa limepakwa rangi nyingine, na wanaendelea kubishana.

Nimetekeleza agizo lako, na sasa nakueleza lilivyokwenda.

Nilisubiri asubuhi moja shemeji ameenda sokoni. Nilimkuta Kornel barazani anachonga kifuniko cha mzinga. Maneno nilikuwa nimeyapanga usiku kucha, na yalitoka kama barua za ofisini. Nilimwambia kwamba familia inamshukuru kwa huduma yake na kwamba huduma hiyo haitahitajika tena. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alimaliza kuchonga, akapuliza vumbi la mti.

"Karani," akasema, "hayo ni ya kaka yako au ni ya kwako?"

Nilimwambia ni ya kaka. Hakubishana. Nauli aliikataa. Alisema mizinga hawezi kuibeba, nyuki wameshaweka watoto, na ukimhamisha nyuki mwenye watoto bila utaratibu anaua anayepita. Siku tukitaka kuliondoa tela tumwite yeye, au tumwachie Mwanne, anajua sasa. Aliingia kumuaga mama, akamsalimu kwa mwangaluka, salamu ya asubuhi ya kwetu, akapiga goti, kisha akatembea kuelekea stendi. Mama alinitazama muda mrefu akaniuliza nimekula nini.

Shemeji aliporudi alijua kabla hajatua kapu. Hakupaza sauti. Alikaa kwenye kigoda akaanza kupepeta mchele, nami nikasimama mlangoni kama mtu anayesubiri kusainiwa.

"Shem, nani amemfukuza binamu yangu?"

Nikasema kaka ana wasiwasi na tela.

"Tela tu?"

Akapepeta mara chache, makapi yakaruka mpaka kwenye viatu vyangu.

"Basi mwandikie kaka yako. Maana najua mnaandikiana, Hilari ana mke na mke wake ana mdomo. Mwambie mimi si tela. Siwekwi juu ya mawe. Nikitaka kuondoka nitaondoka kwa miguu yangu, na nitaaga mchana watu wakiona. Yeye amfunge mnyororo mwizi."

Kisha akaniambia jambo ambalo alitaka ulijue kwa macho yako, siyo kwa barua. Kuna walimu wastaafu watatu wa Mwanza, mkubwa wao ni Mwalimu Josepha. Wana gari lenye ndoano ya kuvutia. Tangu Februari wamekuwa wakizungumza na shemeji kulikodi tela kuanzia tarehe mosi Julai. Wataanzia Kwihara, wapite Urambo na Kaliua, wafuate njia ya misafara mpaka Ujiji. Yeye ndiye atakuwa mwenyeji wao na mpishi wao. Alipanga kufika na tela mlangoni kwako na kubisha hodi. Alijifunza nyuki kwa sababu alijua siku ya safari mizinga lazima ishushwe, na msimu huo Kornel atakuwa porini. Manukato aliyafunga ili ajifunze haraka. Alisema alikuwa ameyatunza ayapake akifika Ujiji.

Nilikaa chini, kaka.

Halafu akanigeukia mimi. Nakuandikia hili kwa sababu ameniambia nisiliruke. Alisema, "Na wewe, shem. Kabla Kornel hajaja ulikuwa unanisomea gazeti pale kwenye ngazi, tukicheka. Alipokuja ukahamia dirishani ukaanza kunihesabia vicheko. Kaka yako yuko mbali, wivu wake naujua. Wako ni wa nini?"

Sikumjibu. Na wewe sitakujibu zaidi ya hapo.

Hali sasa ni hii. Magurudumu yako chini ya mama. Nyuki hawana mwenyewe. Shingo ya tela imefungwa, na ufunguo uko kwako. Tela limelindwa kiasi kwamba mwenyewe hawezi kulitoa, na walimu wameshalipanga. Tafadhali mpe Hilari ufunguo treni inayokuja.

Deus

*

Ujiji
11 Juni 2024

Deus,

Marahaba. Msalimie mama.

Ufunguo niliuweka mahali pa usalama sana na sasa napakumbuka kidogo. Ninautafuta. Kazi ni nyingi, tunapaua.

Hao walimu wote ni wanawake? Dereva wao ni nani? Wakilala Urambo, dereva analala wapi?

Nimempa Hilari chupa nyingine, ya harufu nyepesi. Labda hii nyuki wataivumilia.

Mwambie Mwanne

Hapana, nitamwambia mwenyewe.

Erasmus

*

Tabora
19 Juni 2024

Kaka yangu Erasmus,

Shikamoo. Mama hajambo. Chupa ya pili imefika, na shemeji amempa mama. Jumapili aliipaka akaenda nayo misa ya kwanza, na watu wamemsifu. Asante.

Hilari alishuka na chupa tu. Niliutikisa mfuko wake mbele ya watu wa stesheni. Nilirudi nyumbani nikiwa nimepanga uongo, kwamba ufunguo uko njiani, kwamba treni imechelewa. Shemeji aliniona usoni tu akasema, "Hakuuleta." Akaenda kukoka moto wa kopo la moshi.

Jua lilikuwa linazama. Aliniambia nivae shati la mikono mirefu la baba, nishike kopo, nipulize anapoonyesha na nisimame anaposimama. Alisema kama nina hasira na mtu niiache mlangoni, kwa sababu yeye ameshaiacha ya kwake. Nilipuliza. Alifungua kamba za mzinga wa mbele taratibu kama anavyofungua nywele za mtoto, akauziba kwa gunia, tukaubeba wawili mpaka shambani kwa mzee Lugembe. Tukarudi tukabeba wa nyuma. Nyuki mmoja alitembea juu ya kiganja changu kutoka kidole gumba mpaka cha mwisho akaruka. Sikudungwa. Katikati ya kazi nilitambua kwamba sijawahi kusimama karibu naye muda mrefu hivyo bila kutaka kusikia anasema nini juu ya mtu mwingine. Lilikuwa jambo la kupumzisha.

Magurudumu nimeyarudisha mwenyewe. Mama sasa analala bila harufu ya mpira.

Uliuliza dereva. Dereva ni Mwalimu Josepha. Ana miaka sitini na minane na anaendesha akiimba.

Sasa nakueleza alichosema shemeji, na nakiandika alivyokitamka, ameketi hapa mbele yangu akichambua maharage. Mzee Lugembe ana mashine ya kukata chuma. Jumamosi tarehe ishirini na tisa asubuhi atakuja kulikata kufuli. Shemeji hataki likatwe, kwa sababu shingo inaweza kuharibika na tela likawa halivutiki tena, lakini hatasubiri zaidi. Ukishuka kwenye treni kabla ya hapo na ufunguo mkononi, utalifungua mwenyewe, na utasafiri nasi ukiwa mwenyeji wa safari kama mlivyokuwa mmepanga. Usiposhuka, tela litaondoka kufuli likiwa limekatwa, litafika Ujiji, na litapita mtaa wako. Nilimuuliza kama atabisha hodi. Hajanijibu.

Nimeomba likizo, mkuu akakohoa akasaini. Nitakwenda nao, nitaosha vyombo na kuweka hesabu za safari. Shemeji amesema ni heri niwe ndani ya safari kuliko dirishani.

Kwa hiyo kuanzia sasa usimpe Hilari kitu, hatanikuta. Kama unakuja, shuka stesheni ya Tabora, usipande bodaboda ya mlangoni, wanatoza ugeni. Tembea mpaka Kanyenye, utatukuta uani. Kama hukuja, tarehe mosi Julai tutalala Urambo, na siku inayofuata Kaliua. Mbele ya hapo sijui, itategemea barabara na Mwalimu Josepha. Mtandao utakuwepo kwenye vituo vikubwa tu, jaribu jioni. Namba yangu ni ile ile, ila simu nimemkabidhi shemeji kwa ajili ya kuwasiliana na walimu, na atakayepokea ni yeye. Usianze na tela. Usiulize nani yuko karibu naye. Msalimie kwanza, kisha umsubiri amalize kuitikia.

Deus